KUNDI NI LA MUNGU: Tamko la Wachungaji wa Mwanza na Mwambao wa Ziwa Victoria Kuhusu Kazi ya Uchungaji

Kwa washirika wa makanisa yetu, wazee wa kanisa, wainjilisti, wachungaji wenzetu, na wananchi wote wenye mapenzi mema.



Sisi wachungaji wa makanisa mbalimbali ya Jiji la Mwanza na wilaya za Magu, Misungwi, Kwimba, Sengerema na Ukerewe tumekaa pamoja, tumesoma Maandiko, tumesikilizana hata pale tulipotofautiana, na tumeona vema kusema hadharani jambo ambalo tumekuwa tukilisema vikaoni tu. Mchungaji, kama Biblia inavyomweleza, ni mtu aliyekabidhiwa mali isiyo yake, na siku moja atadaiwa hesabu yake. Mafundisho yanayomfanya awe mwenye kundi, mtu asiyeulizwa wala kukaguliwa, hayana msingi katika Maandiko, hata kama anayeyafundisha anajaza uwanja wa mpira.

Hatusemi kwa niaba ya dhehebu lolote. Kati yetu wapo wenye maaskofu na wapo wasio nao; wapo wanaobatiza watoto wachanga na wapo wanaongoja mtu akiri mwenyewe. Wapo ambao makanisa yao yamewabariki wanawake kuwa wachungaji, na wapo ambao makanisa yao hayajafika huko. Hilo hatukulimaliza na hatulifungui hapa, ila mtu asisahau kwamba Yakobo alipofika kisimani alimkuta Raheli akija na kondoo wa baba yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiwachunga (Mwanzo 29:9). Tamko hili pia halimlengi mtumishi mmoja kwa jina. Linahusu mafundisho, na kila mmoja wetu ajipime nayo.

Mwenye kundi

Kando ya ziwa la Tiberia, baada ya kufufuka kwake, Bwana Yesu alimwuliza Petro mara tatu kama anampenda, na mara tatu akampa kazi ya kulisha na kuchunga (Yohana 21:15-17). Mara zote tatu kondoo walibaki kuwa wa Yesu. Petro alikuwa mvuvi, mtu aliyezoea kuvuta wavu na kuhesabu samaki wake mwenyewe, na siku ile hakupewa hata kondoo mmoja awe wake. Alipewa kazi. Miaka mingi baadaye, akiwaandikia wazee wa makanisa ya Asia Ndogo, alikuwa bado anaikumbuka tofauti hiyo. Katika 1 Petro 5:1-4 anajiita mzee mwenzao, analiita kundi kuwa la Mungu, anakataza kulichunga kwa kushurutishwa, kwa tamaa ya fedha ya aibu au kwa kujifanya bwana juu ya watu, kisha anawakumbusha kwamba Mchungaji Mkuu anakuja. Paulo naye, akiwaaga wazee wa Efeso pale Mileto, anataja bei: kanisa lilinunuliwa kwa damu (Matendo 20:28). Hatujui ni mtumishi gani wa leo, hapa Mwanza au kwingineko, anayeweza kusema alilipa zaidi ya hapo hata adai kuwa kanisa ni lake.

Katika kikao chetu mzee mmoja alisema kwamba watu wa Usukuma hawahitaji kufundishwa sana jambo hili, na tumekubaliana naye. Kwa desturi ya wafugaji wetu, mwenye ng'ombe wengi huwakabidhi baadhi kwa ndugu au rafiki wa kijiji kingine. Aliyekabidhiwa hunywa maziwa na kutumia samadi shambani kwake, na hakuna anayemwonea kijicho kwa hilo. Lakini ndama akizaliwa, taarifa hupelekwa kwa mwenyewe. Ng'ombe akifa, ngozi hupelekwa. Mtu anayekuja mikono mitupu na kusema tu kwamba ng'ombe alikufa ataulizwa swali moja, na akishindwa kulijibu hatakabidhiwa tena hata mbuzi.

Torati ilijua desturi kama hiyo. Kutoka 22:10-13 inaeleza kwamba mtu aliyekabidhiwa mnyama wa mwenzake, mnyama huyo akiraruliwa na mnyama mkali, na alete mabaki yawe ushahidi. Nabii Amosi, aliyekuwa mfugaji, anamtaja mchungaji anayempokonya simba miguu miwili au kipande cha sikio (Amosi 3:12). Kipande cha sikio hakimponyi kondoo. Kinapelekwa kwa mwenye kondoo ili aone kwamba mchungaji hakulala. Yakobo anamlalamikia Labani kwamba kwa miaka 20 alizilipa hasara hizo mwenyewe, mchana akiungua jua na usiku akikosa usingizi kwa baridi (Mwanzo 31:38-41). Kwa hiyo waandishi wa Agano Jipya walipochagua mfano wa mchungaji, wasikilizaji wao hawakuwaza kwanza picha ya mtu mpole mwenye mwanakondoo begani, kama tuonavyo kwenye kalenda. Waliwaza mtu mwenye dhamana. Waebrania 13:17, mstari unaopendwa sana na viongozi kwa sababu unawataka washirika watii, una nusu ya pili ambayo huwa haisomwi kwa sauti kubwa: viongozi hao wanakesha kwa ajili ya roho za watu kama watu watakaotoa hesabu.

Tunawaomba washirika waulize hesabu hiyo. Fulani hajaonekana kanisani tangu mavuno, yuko wapi? Nani amekwenda kwake?

Ezekieli 34

Hakuna sura ya Biblia inayowahusu wachungaji kwa ukali kama Ezekieli 34, na hakuna inayohubiriwa kwa nadra kama hiyo katika ibada za kuwabariki wachungaji. Ni haki kukiri kwanza kwamba Ezekieli, akiwa uhamishoni Babeli, aliwalenga watawala wa Israeli. Katika nchi za mashariki ya kale mfalme ndiye aliyeitwa mchungaji. Daudi alitolewa mazizini akaenda kulichunga taifa, kama Zaburi 78 inavyosimulia. Mtu anaweza kusema basi kwamba sura hiyo ni ya wanasiasa, wachungaji wa makanisa haiwahusu. Tusingebishana naye kama Yesu asingeichukua na kuiweka ndani ya Yohana 10, anapojiita mchungaji mwema na kumtofautisha na mtu wa mshahara anayekimbia mbwa mwitu akija, na kama Petro na Paulo wasingeikabidhi lugha hiyohiyo kwa wazee wa kanisa. Aliyekubali cheo cha mchungaji amekubali na mashtaka yanayokwenda nacho.

Na mashtaka ni haya: wachungaji wamejilisha wenyewe, wamekula walionona na kuvaa sufu, dhaifu hawakutiwa nguvu, mgonjwa hakutibiwa, aliyevunjika hakufungwa, aliyefukuzwa hakurudishwa, aliyepotea hakutafutwa. Katika orodha hiyo hakuna shtaka la mahubiri mabaya, wala la kukosa karama, wala la jengo dogo. Mambo yote yaliyotajwa ni ya mtu mmojammoja. Aliyevunjika hafungwi kwa kipaza sauti. Ni lazima mtu apige magoti, amguse, ajue ameumia wapi. Hapo ndipo tunapowaomba wenzetu wanaoongoza makusanyiko makubwa watusikilize bila hasira. Kukusanya watu 5,000 kwa usiku mmoja ni kazi ya mwinjilisti, na Waefeso 4:11 inamtaja mwinjilisti kwa heshima yake. Ila mstari huohuo unawataja wachungaji na walimu baada yake, na mtu asiyejua jina la mjane anayekaa benchi la tatu bado hajaianza kazi hiyo ya pili.

Tunataja hapa jambo la visiwa, kwa sababu ndilo linalotupima kuliko yote. Kundi letu haliko Nyamagana na Ilemela peke yake. Liko Ukara, Irugwa, Kome na Maisome, kwenye mialo na kambi ambako watu wanahama wakifuata dagaa na sangara. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikitoka hupumzika. Mchungaji anayepanga ziara ya kisiwani kwa kuangalia kalenda ya ofisini atafika asubuhi na kuwakuta vijana wamelala fofofo na akina mama wanaanika dagaa, kisha atarudi mjini na kusema watu wa visiwani hawapendi Neno la Mungu. Wainjilisti wanaoishi kule wanajua kwamba wiki ya mwezi mpevu ndiyo wiki ya kufundisha, ya kubatiza, ya kusuluhisha ndoa. Wanajua pia kijana gani aliondoka kwao Kwimba bila kuaga na sasa anavua kwa jina jingine. Hao ndio wachungaji kwa maana ya Ezekieli, ingawa wengi wao hawajawahi kuitwa hivyo na hawana kola.

Tangu tarehe 19 Juni 2025 daraja la Kigongo-Busisi limefunguliwa, na kuvuka kwenda Sengerema, ambako kulimla mchungaji nusu siku akingoja kivuko, sasa ni kwa dakika chache. Kisingizio kimoja kimeondoka. Ukara bado ni ya kivuko na mitumbwi, na watu wa Ukara wanajua bei ya safari hiyo: tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu kabisa na gati lao, wakafa watu zaidi ya 220. Waliokuwepo siku zile waliona uchungaji ukifanyika bila mimbari. Watu walikaa ufukweni kando ya familia zinazongoja mwili utambuliwe, wakafunika maiti, wakashika mikono ya watu wasiowajua, bila kuuliza marehemu alikuwa wa dhehebu gani au dini gani. Miaka 22 kabla ya hapo, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama na mamia ya watu ikikaribia Mwanza, ilikuwa vilevile, na makaburi ya Igoma bado yapo. Hatuzitaji ajali hizo ili kujisifu. Tunazitaja kwa sababu swali la mchungaji wa kweli ni nani lilikuwa rahisi sana kujibiwa siku hizo.

Juu ya “mpakwa mafuta asiguswe”

Neno linalotumiwa kuliko yote kuwanyamazisha washirika ni lile la Zaburi 105:15, lililorudiwa katika 1 Mambo ya Nyakati 16:22, kwamba wapakwa mafuta wa Mungu wasiguswe. Mshirika akiuliza sadaka ya ujenzi imekwenda wapi, anasomewa mstari huo. Mzee wa kanisa akikataa kusaini hundi asiyoielewa, anaambiwa ameasi kama Kora.

Tunawasihi watu waisome zaburi yenyewe kuanzia mstari wa 8. Wanaozungumziwa ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo wakati walipokuwa watu wachache, wageni, wakitangatanga kutoka taifa hadi taifa bila ardhi wala jeshi. Wanaokatazwa kuwagusa ni wafalme. Mungu anawakinga wanyonge dhidi ya wenye nguvu. Kuuchukua mstari huo na kumkinga nao mwenye nguvu dhidi ya mjane anayeuliza sadaka yake ni kuugeuza kichwa chini miguu juu.

Wengine hukimbilia habari ya Daudi na Sauli. Ni kweli Daudi alikataa kumwua Sauli kule pangoni kwa kuwa alikuwa mpakwa mafuta wa Bwana. Lakini someni mpaka mwisho wa 1 Samweli 24. Daudi alitoka pangoni, akamwita mfalme kwa sauti mbele ya majeshi yake, akamwonyesha kipande cha vazi na kumwambia wazi kwamba anamtendea isivyo haki. Alimheshimu na alimkemea, mchana mmoja. Paulo alimpinga Petro uso kwa uso pale Antiokia mbele ya watu wote (Wagalatia 2:11-14), naye Petro ndiye yuleyule aliyeambiwa alishe kondoo. Na 1 Timotheo 5:19-20 inatoa utaratibu: mashtaka juu ya mzee yapokelewe kwa mashahidi wawili au watatu, na wanaoendelea kutenda dhambi wakemewe mbele ya wote. Paulo asingeweka utaratibu wa kumshtaki mtu asiyeshtakika.

Hatari ya kundi lisilouliza tumeiona kwa majirani zetu na kwetu. Kanungu, Uganda, tarehe 17 Machi 2000, mamia ya waumini waliteketea ndani ya jengo la ibada ambalo milango na madirisha yake yalikuwa yamefungwa. Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, kuanzia Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofundishwa kufunga hadi kufa ili wamwone Yesu. Hapa nyumbani, tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa mjini Moshi wakigombea kukanyaga mafuta ya upako. Matukio haya hayafanani, na hatusemi nia za viongozi zilikuwa moja. Lakini katika Yohana 10:5 Yesu anawasifu kondoo kwa kumkimbia mgeni ambaye sauti yake hawaitambui. Anawahesabu kuwa na masikio na akili. Mafundisho yanayowataka waumini wazime akili zao mlangoni yamewakosea hata kondoo.

Uchungaji si wa mtu mmoja

Hili tunalisema kwa kifupi. Paulo na Barnaba waliweka wazee katika kila kanisa (Matendo 14:23). Tito aliachwa Krete aweke wazee katika kila mji. Wale wa Efeso walioitwa Mileto walikuwa wazee kadhaa wa kanisa moja. Ndio walioambiwa kwamba Roho Mtakatifu amewaweka kuwa waangalizi, na ndio walioambiwa walichunge kundi. Mtu mmoja anayemiliki huduma, akaunti ya benki, kiwanja na mimbari, na ambaye mkewe ni mhazini na mwanawe ni katibu, anaweza kuwa amesajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya chini ya Sura ya 337 bila kasoro yoyote. Serikali ina vipimo vyake. Katiba ya nchi, ibara ya 19, imeuacha uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi, na tunaishukuru. Uhuru huo unatudai tujikague wenyewe, maana tukishindwa atakuja kutukagua mwingine. Kuanzia sasa hakuna mchungaji atakayehesabiwa kuwa mwenzetu katika umoja wetu huu wa wachungaji ikiwa hana wazee wanaoweza kumwambia hapana.

Maziwa ya kundi

Tusije tukaeleweka vibaya. Paulo anauliza ni nani achungaye kundi asinywe maziwa yake (1 Wakorintho 9:7), na 1 Timotheo 5:17-18 inataka wazee wanaojitaabisha katika neno na mafundisho wapewe heshima maradufu. Lipo kanisa mjini lenye magari mawili ya mchungaji, na lipo kanisa kisiwani ambalo mwinjilisti wake anaishi kwa sado la dagaa na hisani ya mwenye mtumbwi. Hali hiyo ni aibu yetu sote, na makanisa yenye uwezo yajue kwamba kumtunza yule wa kisiwani ni deni.

Historia yetu inalidhihirisha deni hilo. Wamisionari wa CMS walifika kusini mwa ziwa hili mwaka 1877, na kabla mwaka haujaisha wawili wao walikuwa wameuawa Ukerewe. Mapadri Weupe walifungua misheni ya Bukumbi mwaka 1883. Kituo cha Nassa, kilichoanzishwa na CMS, kilichukuliwa na Africa Inland Mission mwaka 1909, na kutoka hapo likakua kanisa ambalo leo makao yake makuu ya Tanzania yako hapahapa Mwanza. Majina ya wageni hao yameandikwa vitabuni. Vituo vyao vilikuwa vichache na vimetengana kwa siku nyingi za mwendo. Waliolilea kanisa kijiji kwa kijiji walikuwa walimu na wainjilisti wenyeji, wakitembea kwa miguu, wakilima mashamba yao wenyewe, wakifundisha watu kusoma chini ya mti. Walikunywa maziwa kidogo sana.

Kinachokatazwa ni kumchinja ng'ombe. Kuweka bei ya maombi, kumtoza mtu ili amwone mtumishi, kuuza mafuta, maji, chumvi au leso kwa ahadi ya mtoto, mume, visa au ushindi mahakamani, kutaja hadharani kiasi alichotoa mtu ili kumwaibisha aliyetoa kidogo: hayo ni ya Gehazi aliyemkimbilia Naamani (2 Wafalme 5) na ya Simoni aliyefikiri karama hununuliwa (Matendo 8:18-20). Paulo aliwanyoshea wazee wa Efeso mikono yake, akawaambia kwamba hakutamani fedha wala dhahabu wala mavazi ya mtu, na kwamba mikono ile ilimtumikia yeye na wenziwe. Tunaishi jirani na dhahabu ya Geita. Tunajua inavyowafanya watu.

Wagonjwa

Yakobo 5:14 inaandikwa kwenye mabango ya mikutano ya uponyaji, lakini utaratibu wake umepinduliwa. Katika Yakobo, mgonjwa ndiye anayeita na wazee ndio wanaokwenda. Wanakwenda wengi, si mmoja. Wanamwombea nyumbani kwake, wanampaka mafuta, na hakuna foleni wala bahasha. Siku hizi mgonjwa ndiye anayesafirishwa kutoka Ukerewe kwenda kupanga mstari mjini, analala nje siku tatu, na mafuta ananunua.

Tunaamini Mungu anaponya. Tunaamini pia kwamba Mungu huyohuyo aliwapa makanisa moyo wa kujenga hospitali, na hospitali ya Bugando, iliyo juu ya kilima ambapo kila mwenye macho mjini anaiona, ni kazi ya Kanisa Katoliki iliyofunguliwa mwaka 1971. Kwa hiyo tunatamka bila kumung'unya maneno: mchungaji anayemwambia mtu aache dawa za kufubaza VVU, za kifua kikuu, za kisukari au za shinikizo la damu kwa kuwa ameombewa, anahatarisha uhai ambao si wake. Aliyepona atapimwa, na daktari ndiye atakayemwachisha dawa. Yesu mwenyewe alimtuma mwenye ukoma aliyetakaswa akajionyeshe kwa kuhani, aliyekuwa na mamlaka ya kukagua.

Wanaotajwa kuwa wachawi

Hapa ndipo penye damu, na tunaomba kila mchungaji wa Kanda ya Ziwa apasome mara mbili.

Mkoa wetu na mikoa ya jirani, Shinyanga, Simiyu, Geita na Kagera, ina historia ambayo haifichiki. Kwa miongo mingi akina bibi wameuawa kwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu, macho yaliyofanywa mekundu na moshi wa kuni na samadi waliyopikia maisha yao yote. Kuanzia mwaka 2007 dunia nzima ilisikia habari za ndugu zetu wenye ualbino waliouawa na kukatwa viungo kwa imani kwamba viungo hivyo vinaleta samaki na dhahabu. Desemba 2014 mtoto wa miaka minne aliporwa nyumbani kwao wilayani Kwimba. Mwaka 2024, wilayani Muleba, aliuawa mtoto ambaye hata miaka mitatu alikuwa hajatimiza. Nyuma ya mauaji ya namna hii mara nyingi yupo mtu aliyepiga ramli akamwambia mteja nani amemroga au nini kitamtajirisha.

Sasa kuna jambo limeingia makanisani. Mtumishi anasimama katikati ya ibada na kumwambia mwanamke aliyepoteza watoto kwamba anamwona bibi mmoja, mweusi, mfupi, anayekaa nyumba ya pili kutoka kwao, mama wa baba yake. Watu wanapiga kelele za shangwe. Kipaji kinasifiwa. Yule mwanamke anarudi kijijini, na kijijini kuna wajukuu, na wajukuu wana mapanga. Tofauti ya mtumishi huyo na mpiga ramli ni suti tu. Torati inakataza ramli (Kumbukumbu la Torati 18:10-14), na haikuweka ruhusa kwa ramli inayopigwa kwa jina la Yesu.

Bibi huyo naye ni kondoo. Pengine ni mshirika wa kanisa hilohilo, anakaa nyuma na ameshika Biblia asiyoweza kuisoma tena. Daudi, akiwa kijana, alimfuata simba na kumpokonya mwanakondoo kinywani (1 Samweli 17:34-35). Mchungaji wa Misungwi au Sengerema anayesikia minong'ono juu ya kikongwe fulani anapaswa kwenda kwenye nyumba hiyo jioni hiyohiyo, akae nje, aonekane na kijiji kizima, anywe uji wake, na kesho yake aende na wazee wa kanisa na mwenyekiti wa kitongoji. Wapo wachungaji waliofanya hivyo, na wapo akina bibi walio hai kwa sababu hiyo. Vivyo hivyo kwa mama aliyejifungua mtoto mwenye ualbino na kukimbiwa na mumewe: kanisa limpokee, limkinge, na mchungaji ambariki mtoto hadharani. Kutabiri jina, sura au nyumba ya mchawi katika ibada yoyote ya mchungaji aliye katika umoja huu ni kosa la kumwondoa katika umoja, bila onyo la kwanza.

Tunayoyaagiza

Kila kanisa liwe na daftari la washirika linalosomwa na wazee angalau kila robo mwaka, jina kwa jina, na kila jina lisilo na habari lipewe mtu wa kulifuatilia. Mshirika anayehama na mifugo kwenda Katavi, Rukwa, Morogoro au Lindi, kama Wasukuma wengi walivyofanya na wanavyofanya, asiondoke bila barua ya utambulisho, na mchungaji anayemtoa ampigie simu yule anayempokea. Mapato na matumizi yasomwe mbele ya washirika, na fedha zitolewe benki kwa saini za watu wasiopungua watatu ambao si wa nyumba moja. Makanisa ya mjini yachague kila moja kituo kimoja cha kisiwani au cha machimboni na kumtunza mwinjilisti wake.

Mshirika mwenye lalamiko dhidi ya mchungaji ayapeleke mashtaka yake kwa wazee wake, akiwa na mashahidi kama 1 Timotheo inavyotaka. Asiposikilizwa ndani ya mwezi mmoja, ayalete kwa katibu wa umoja huu, naye hatadharauliwa wala kuitwa mwasi. Lakini kubaka, kumdhuru mtoto, kupiga na kuiba ni makosa ya jinai. Hayo hayapitii kwetu, hayangoji mashahidi wawili, na hakuna kikao cha wazee chenye haki ya kuyasuluhisha. Yapelekwe polisi siku hiyohiyo, na mchungaji atakayemzuia mtu kwenda polisi tutamtaja.

Tamko hili lisomwe lote katika ibada zote za makanisa yetu, na kule visiwani lisomwe katika wiki ya mbalamwezi, watu watakapokuwepo.

Limetolewa Mwanza na Mwenyekiti na Katibu, kwa niaba ya wachungaji na wazee wa kanisa waliokutana.